Lugha ya mikono, mtihani wa kalamu

*Lugha ya Ishara ya Kenya ina nafasi kwenye Katiba, kwenye ratiba ya masomo na kwenye mitihani ya kitaifa. Kilichobaki kigumu ni kumpima mtoto kiziwi bila kuipoteza lugha yenyewe njiani.*

Mbuzi wa jirani ameruka ua, ameingia shambani kwa bibi na kuanza kutafuna mahindi machanga. Bibi katoka na fimbo. Mbuzi kamwona, kasita kidogo, kisha karuka kurudi alikotoka, bua likiwa bado linaning'inia mdomoni.

Mtoto kiziwi anayeimudu Lugha ya Ishara ya Kenya, KSL kwa ufupi, atakusimulia kisa hicho kwa nusu dakika. Mkono wa kushoto unasimama mbele ya kifua na kuwa ua. Wa kulia unakuwa mbuzi, unapanda na kutua ng'ambo. Ng'ambo hiyo sasa ni shamba, na itabaki kuwa shamba mpaka kisa kiishe. Akitaka kulitaja tena hahitaji ishara yake, hulitupia jicho tu. Mashavu yanatafuna. Kisha mabega yanageuka, uso unakunjamana, na mtoto yule yule amekuwa bibi.

Sasa mpe karatasi na kalamu, umwambie athibitishe kwamba anaijua lugha hiyo. Kwa kuwa KSL haina maandishi yanayotumika shuleni, atalazimika kuandika majina ya ishara, moja baada ya jingine, kwa herufi kubwa za Kiingereza. Walimu huuita utaratibu huo glosi. Ukiuweka kwa Kiswahili ungesomeka hivi: MBUZI UA RUKA, MAHINDI KULA, BIBI KASIRIKA, FIMBO CHUKUA.

Ua haupo tena mbele ya kifua. Mashavu hayatafuni. Bibi hakugeuka. Kilichobaki ni orodha ya maneno ya lugha nyingine kwa tahajia ya lugha hiyo nyingine, na mtoto asiyeijua tahajia hiyo ataonekana hajui ishara. Ni sawa na kumtahini mpiga ngoma kwa kumwambia aandike dum, dum, tak.

Bwenini, bila ruhusa

Kabla ya kuulaumu mtihani wa leo, ni vyema kukumbuka lugha hii ilikotoka.

Mwaka 1880 walimu wa viziwi, karibu wote wenye kusikia, walikutana mjini Milan, Italia. Walipitisha azimio kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na ishara ziachwe. Azimio hilo lilitawala shule nyingi za Ulaya kwa miongo kadhaa, na wamishenari waliofungua shule za viziwi Afrika Mashariki walikuja nalo.

Nchini Kenya shule za kwanza, Mumias na Nyang'oma, zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tabora, Tanzania, ikapata yake mwaka 1963. Chini ya mfumo ule wa kusema, mwalimu humwekea mtoto kiganja kooni ili ahisi mtetemo wa sauti, kisha humtaka atamke "ba". Wiki nzima inaweza kuishia kwenye silabi mbili.

Nje ya darasa watoto walizungumza kwa mikono. Wakubwa waliwafundisha wadogo, na waliomaliza shule wakaenda nayo mijini. KSL ilikomaa hivyo, bwenini na uwanjani, bila mtaala na bila ruhusa ya mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wizara ya elimu ililegeza kamba. Walimu wakaruhusiwa kutumia sauti, ishara, midomo na maandishi kwa pamoja. Kilichotokea darasani ni kwamba mwalimu alisema Kiingereza huku mikono ikimfuata neno kwa neno, pamoja na ishara za kubuni za viambishi ambavyo KSL haina habari navyo. Wapo wanaofundisha hivyo hadi leo wakiamini kwamba wanafundisha kwa KSL.

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa utafiti wa KSL, ambamo wanaisimu kama marehemu Profesa Okoth Okombo na Philemon Akach walifanya kazi bega kwa bega na viziwi wenyewe. Walionyesha kwamba lugha hii ina sarufi yake. Tukiacha misamiati na kamusi, hilo ndilo lililobadili mjadala, kwa sababu kitu chenye sarufi kinaweza kuandikiwa silabasi. Silabasi ikaja mwaka 2004.

Kisha Katiba ya 2010. Ibara ya 7 inaitaka serikali iendeleze KSL na matumizi yake. Ibara ya 120 inaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Katika kipindi hicho hicho KSL ikawa somo la kutahiniwa, na mtahiniwa kiziwi akaruhusiwa kulifanya mahali pa Kiswahili katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na KCSE, wa kumaliza sekondari.

Haukuwa ushindi mdogo. Kabla ya hapo, mtoto ambaye hajawahi kusikia neno hata moja la Kiswahili alikaa kujibu maswali ya ngeli na vitate sawa na mwenzake wa Mombasa aliyezaliwa akikisikia.

Kalamu inavyoamua somo

Kila mwalimu anajua kwamba darasa hufuata mtihani. Silabasi inaweza kusema mengi mazuri kuhusu usimulizi, mjadala, mashairi ya ishara na utamaduni wa viziwi, lakini muhula wa mwisho ukifika ubao hujaa kile kitakachoulizwa.

Na KCPE, hadi ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, iliuliza hasa kwa maswali ya kuchagua, A hadi D. Mtahiniwa alisoma swali la Kiingereza kuhusu ishara, akasoma majibu manne ya Kiingereza, akatia alama moja. Aliweza kufaulu vizuri bila kunyanyua mkono. Aliweza pia kuanguka huku akiwa ndiye msimulizi anayezungukwa na bweni zima kila jioni.

*■ Mtahiniwa aliweza kufaulu somo la lugha ya ishara bila kunyanyua mkono.*

Kwenye KCSE mambo ni nafuu kidogo. Ipo sehemu ya vitendo, ambapo mtahiniwa huonyesha ishara zake mbele ya mtahini, kama wanafunzi wa Kifaransa na Kijerumani wanavyofanya mtihani wa mazungumzo. Ila uzito wa somo bado uko kwenye karatasi.

Tuangalie kitu kimoja tu ambacho karatasi haikishiki: kitenzi cha kutoa. Katika KSL, kama ilivyo katika lugha nyingi za ishara duniani, mkono ukianzia kwangu na kuishia kwako, nimekupa. Ukianzia kwako na kuishia kwangu, umenipa. Ukianzia kwa mtu niliyemweka kushoto na kuishia kwa niliyemweka kulia, yule kampa huyu, na wala sikuwataja tena. Mwendo mmoja wa mkono umebeba mtenda, tendo na mtendewa. Kiswahili hufanya karibu hivyo hivyo kwa viambishi katika "ulinipa".

Glosi itaandika PA. Aliyeelewa mwelekeo na asiyeuelewa wataandika herufi zile zile, na msahihishaji hana njia ya kuwatofautisha.

Nyusi nazo ni sarufi. Zikiinuliwa, sentensi ni swali la ndiyo au hapana. Zikikunjwa, ni swali la nani, wapi au kwa nini. Mwalimu asiyejua hilo humwambia mtoto aache kufanya uso wa ajabu.

Hapo linaingia suala la walimu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, imewafunza tangu mwaka 1986, na kazi yake si ya kubezwa. Hata hivyo mwalimu huweza kupangiwa shule ya viziwi akiwa na ishara za kuhesabika, kisha akajifunza lugha kutoka kwa watoto anaotakiwa kuwafundisha. Akiwa mnyenyekevu, baada ya miaka mitatu anakuwa hodari. Asipokuwa mnyenyekevu, kila asichokielewa anakiita kosa la mwanafunzi. Huyo huyo ndiye anayetoa alama za darasani.

Lugha ya mama, mama asiyoijua

Wapangaji wa elimu ya lugha mbili hupenda kusema kwamba KSL ni lugha ya kwanza ya mtoto kiziwi na Kiingereza cha kuandika ni ya pili. Kwenye karatasi ya sera inapendeza. Nyumbani hali ni nyingine.

Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mama hajui ishara, baba hajui, nyanya hajui. Mtoto hufika shuleni akiwa na miaka sita, minane, pengine kumi, na ishara chache za nyumbani: kula, lala, njoo, mbaya. Hana lugha ya kumwuliza mtu kwa nini ameachwa pale na lini atarudishwa.

Kwa hiyo shule ya bweni ya viziwi, iwe Kuja, Kambui, Kapsabet au Kibarani kule Kilifi, hupokea watoto ambao bado hawana lugha yoyote kamili. Mtoto anayesikia akianza Gredi ya Kwanza, hakuna anayemfundisha lugha ya mama kuanzia sifuri. Mtoto kiziwi anaianza siku hiyo hiyo anayoanza hesabu na kusoma Kiingereza.

Tafiti za Rachel Mayberry huko Amerika Kaskazini, zilizofanywa kwa viziwi waliojifunza ishara wakiwa na umri tofauti, zilionyesha kwamba kuchelewa kuipata lugha ya kwanza huacha alama hadi utu uzima. Anayechelewa huelewa sentensi ngumu kwa taabu hata baada ya miaka mingi ya kuishi na ishara, na kuchelewa huko humharibia pia lugha ya pili.

Ukijua hilo, unaona kwamba kupima KSL ni zaidi ya kugawa alama za kwenda sekondari. Mwalimu wa Gredi ya Pili anahitaji kujua leo kama Juma hajaelewa hesabu kwa sababu ya hesabu au kwa sababu haelewi ishara anazopigiwa. Bila kipimo, watoto wa hali zote mbili huandikiwa neno lile lile kwenye ripoti: mzito.

*■ Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na lugha yao ya kwanza huanzia bwenini.*

Buibui kwenye mkate

Kipimo cha namna hiyo kinawezekana, na mwenye kutaka kuona awatazame Waingereza.

Mwaka 1999 watafiti wa London, Rosalind Herman, Sallie Holmes na Bencie Woll, walichapisha jaribio la kupima jinsi watoto wanavyoielewa lugha ya ishara ya Uingereza. Mtoto huketi mbele ya skrini. Mtu mzima kiziwi anatoa sentensi kwenye video, na mtoto anaonyesha kwa kidole picha inayolingana nayo. Sentensi ni 40, kutoka nyepesi hadi ngumu: ukanushaji, wingi, mwelekeo wa vitenzi, maumbo ya vitu. Hakuna kusoma, hakuna kuandika, wala Kiingereza hakihitajiki popote.

Baadaye likaja jaribio la usimulizi. Mtoto anatazama filamu fupi isiyo na maneno. Msichana amejikalia kwenye kochi, anamtuma mvulana amletee chakula hiki na kile. Mvulana amechoka kutumwa. Anatafuta buibui, anamtia kwenye mkate na kumpelekea. Filamu ikiisha mtoto anasimulia alichokiona, naye anarekodiwa. Msahihishaji huangalia kama kisa kina mwanzo, kilele na mwisho, kama wahusika hawachanganywi, kama nafasi na uso vimetumika ipasavyo.

Jaribio la kwanza limefanyiwa marekebisho kwa lugha kadhaa za ishara, ikiwamo ya Marekani na ya Ujerumani. Kenya nayo inaweza, ila si kwa kubandika ishara za Kenya juu ya picha za London. Sentensi zitatungwa upya, kwa sababu sarufi mbili hazifanani. Picha zitachorwa upya. Ishara zinazotofautiana kati ya Kisumu na Mombasa zitahakikiwa kwanza, ili mtoto wa Pwani asiadhibiwe kwa kutumia ishara ya kwao.

Kazi ngumu zaidi ni kupata kiwango cha kulinganishia. Ili useme mtoto wa miaka saba yuko nyuma, lazima ujue mtoto wa miaka saba aliyekua na KSL tangu utotoni anaweza nini. Watoto hao ni wale wa wazazi viziwi, nao ni wachache, wametawanyika. Kuwatafuta nyumba kwa nyumba, kwa idhini ya wazazi wao, ni kazi ya chama cha viziwi na chuo kikuu wakishirikiana. Mradi wa 1991 ulionyesha kwamba ushirikiano huo unawezekana Nairobi.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi kwenye mitihani ya kitaifa. Lugha ya ishara ya huko ilianza kufundishwa kama somo kamili la lugha ya nyumbani katikati ya muongo uliopita, na mwaka 2018 watahiniwa wa kwanza wakaifanya kwenye mtihani wa kumaliza sekondari. Mtahiniwa anatazama maswali kwenye kompyuta, yakiwa yamerekodiwa kwa ishara, naye anajibu kwa ishara mbele ya kamera. "Kuandika insha" huko ni kujirekodi, kujitazama, kufuta na kurekodi tena. Julai 2023 Rais Cyril Ramaphosa akatia saini sheria iliyoifanya kuwa lugha rasmi ya 12 ya nchi. Philemon Akach, yule wa mradi wa Nairobi, ni miongoni mwa waliofundisha lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Free State.

Kwa hiyo Kenya, iliyoanza kuitahini lugha yake mapema kuliko Afrika Kusini, imeachwa nyuma kwa namna ya kuitahini.

Hoja za wenye karatasi

Wanaoitetea karatasi wana sababu, na baadhi si nyepesi.

Ya kwanza ni ulinzi. Baraza la Mitihani, KNEC, linajua kuilinda karatasi: bahasha, kontena, askari, sahihi. Video ina njia zake za kuvuja, inahitaji umeme, vifaa na mahali pa kuhifadhiwa. Shule ambayo huwasha jenereta kwa zamu haitafurahia habari ya kompyuta 30 asubuhi moja.

Ya pili ndiyo inayonisumbua mimi. Karatasi haina sura. Msahihishaji anaona namba, haoni mtoto. Kwenye video anaona uso, sare, ukuta wa shule, na jinsi mtoto anavyopiga ishara za kwao. Jamii ya viziwi ni ndogo, na mtahini kiziwi huenda alisoma shule hiyo hiyo au anamfahamu dada wa mtahiniwa. Upendeleo, au kisasi, vinaweza kuingia bila mtu kukusudia. Hapo dawa ni watahini wawili kutoka mikoa tofauti kwa kila video, fulana za rangi moja, na pazia tupu nyuma ya mtahiniwa. Itapunguza tatizo, haitalimaliza.

Sababu ya tatu hutolewa na walimu wa Kiingereza na wazazi. Wanasema mwajiri hatamwuliza kijana glosi wala hadithi ya buibui, atamwuliza kama anaweza kusoma barua na kujaza fomu. Basi muda wa KSL uende kwenye Kiingereza. Wengine huongeza kwamba ishara zikifuata Kiingereza neno kwa neno, mtoto atajifunza kuandika Kiingereza haraka.

Hofu yao naielewa, hitimisho lao silikubali. Mtoto ambaye hajaimiliki lugha yoyote hana mahali pa kukitundika Kiingereza. Na glosi yenyewe, ambayo inatetewa kama daraja, huwarudisha nyuma. Aliyezoezwa kwa miaka kuandika maneno ya Kiingereza kwa mpangilio wa ishara huyaandika hivyo hivyo kwenye insha ya Kiingereza, kisha anakatwa alama. Asubuhi mpangilio ule ule ulikuwa sahihi, mchana umekuwa kosa. Nani amemweleza tofauti?

Uswidi ilijibu swali hilo mapema. Ilitambua lugha yake ya ishara mwaka 1981, na mtaala wa 1983 ukazitaka shule za viziwi zifundishe lugha zote mbili, kila moja kwa sarufi yake, na kuzilinganisha waziwazi darasani. Siku hizi watoto wengi viziwi wa huko huwekewa vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio kwa upasuaji, na shule zile zimepungukiwa wanafunzi. Kwa familia nyingi za Kenya upasuaji huo hauko ndani ya uwezo wao, na ishara zitaendelea kuwa njia ya elimu kwa muda mrefu ujao.

Na Kiswahili je?

Msomaji wa gazeti hili huenda ameshajiuliza. Kama KSL inachukua nafasi ya Kiswahili, mtoto kiziwi anamaliza shule akijua kusoma lugha gani?

Jibu ni Kiingereza peke yake, akibahatika. Fikiria kijana wa Kilifi. Mama yake hajui ishara wala Kiingereza, lakini anaandika na kusoma Kiswahili kwenye simu. Ujumbe wa ukoo kwenye WhatsApp ni wa Kiswahili, tangazo la zahanati ni la Kiswahili, na maandishi ya nyuma ya matatu pia. Kijana huyo ana cheti cha lugha mbili, na hakuna hata moja anayoweza kumwandikia mama yake.

Vuka mpaka pale Holili. Tanzania, tangu Tabora hadi Shule ya Viziwi Buguruni iliyofunguliwa mwaka 1974 jijini Dar es Salaam, lugha ya kuandika ya shule ya msingi ni Kiswahili. Ishara zao, wanazoziita lugha ya alama, ni tofauti na za Kenya, ingawa viziwi hawachelewi kuelewana. Ishara zikikwama mtu huchukua kalamu, na hapo ndipo Mtanzania ataandika Kiswahili na Mkenya ataandika Kiingereza.

Waliopigania KSL hawapendi mjadala huu ufufuliwe, na wana haki. Wanakumbuka enzi za kulazimishwa Kiswahili na kuanguka. Lugha tatu kwa mtoto aliyeanza ya kwanza akiwa na miaka minane ni mzigo. Lakini kati ya kumtahini ushairi na kumnyima kabisa kuna nafasi pana: saa mbili kwa wiki za kusoma na kuandika Kiswahili cha kila siku, bila alama za kitaifa, kwa wale ambao nyumbani kwao kinatumika. Sheria ya sasa ya "Kiswahili au KSL" haijamkataza mkuu wa shule kufanya hivyo.

Simu ya mwalimu

Mtaala mpya wa umilisi umefungua mlango ambao mfumo wa zamani wa 8-4-4 haukuwa nao. Mwishoni mwa Gredi ya Sita, kwa utaratibu ulioanza na mtihani wa KPSEA mwaka 2022, tathmini za shuleni za Gredi ya Nne hadi ya Sita zilipewa asilimia 60 na mtihani wenyewe asilimia 40. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya alama ilihamia mikononi mwa mwalimu, ndani ya darasa, ambako hakuna kontena wala askari.

Kwa masomo mengi hilo lilizua malalamiko kuhusu udanganyifu. Kwa KSL ni fursa. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Mwalimu anamrekodi kila mtoto akisimulia kisa kimoja mwanzoni mwa mwaka, kisha kisa cha uzito ule ule kila muhula. Mwisho wa mwaka ana ushahidi wa macho kwamba mtoto aliyekuwa akitaja vitu tu sasa anaweka wahusika wawili kwenye nafasi na hawachanganyi. Video hiyo inaweza kutazamwa na mwalimu wa shule nyingine, na mkaguzi, na mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe hajui kitu.

Sharti ni vigezo vinavyotaja mambo ya ishara: nafasi, mwelekeo, uso, umbo la mkono, mtiririko wa kisa. Vigezo vilivyonakiliwa kutoka somo la Kiingereza, ambamo neno "matamshi" limebadilishwa tu kuwa "ishara", havitasaidia. Sharti jingine ni faragha. Video ya mtoto haipaswi kubaki kwenye simu binafsi ya mwalimu baada ya muhula kuisha, na shule nyingi bado hazina pa kuihifadhi.

Upo pia mtego ambao haujazungumziwa vya kutosha. KSL imewahi kuorodheshwa miongoni mwa masomo ya hiari kwa wanafunzi wanaosikia, na ni jambo jema nchi ikiwa na vijana wengi wanaoijua. Ila mwanafunzi anayesikia, mwenye Kiingereza kizuri, atalifaulu somo la glosi kwa urahisi kuliko kiziwi ambaye KSL ni lugha yake ya maisha. Wakiwekewa kipimo kimoja cha karatasi, matokeo yatasema kwamba wanaosikia ndio mabingwa wa lugha ya viziwi.

*■ Kipimo kimoja cha karatasi kitawatangaza wanaosikia kuwa mabingwa wa lugha ya viziwi.*

Bungeni juhudi zimekuwapo. Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu wa kuona, aliwasilisha mswada wa Lugha ya Ishara ya Kenya mwaka 2023, ukilenga kuipa nguvu lugha hii shuleni, mahakamani na kwenye huduma za umma. Lakini aina ya mtihani haihitaji kusubiri sheria mpya. KNEC ina mamlaka hayo tayari.

Na ina tarehe. Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakiwa na Kiswahili au KSL kama somo la lazima, watafanya mtihani wa kumaliza sekondari ya juu mwaka 2028. Kamera zinaweza kununuliwa mwezi mmoja kabla. Watahini hawawezi. Wanaotakiwa ni viziwi wenye mafunzo ya ualimu, wanaoijua sarufi ya KSL na kuweza kuieleza, waliozoezwa kusahihisha video mpaka wawili kati yao wakitazama mtoto mmoja wanatoa alama zinazokaribiana. Kabla ya hapo Tume ya Huduma za Walimu, TSC, italazimika kuwaajiri na kuwapeleka madarasani.